Swali la William Ngidi

Ni michache, katika mijadala iliyopata kuzuka baina ya wenye shaka na wenye imani juu ya damu inayomwagika katika kurasa za Biblia, iliyoanzia mahali pa unyenyekevu kama ule ulioitikisa Kanisa la Uingereza mwaka 1862. Maana huo haukuanzia chuo kikuu cha Ulaya, wala barazani pa wanafalsafa, wala katika kitabu cha mtu aliyeapa kuiangusha dini, bali ulianzia katika chumba cha kazi cha misheni moja ya Natal, kusini mwa Afrika, mahali paitwapo Ekukhanyeni, karibu na mji wa Pietermaritzburg, ambako askofu wa Kiingereza na Mzulu aliyekuwa msaidizi wake walikuwa wakiketi pamoja siku baada ya siku, wakiyafasiri Maandiko kwa lugha ya Kizulu, neno kwa neno.

Askofu huyo aliitwa John William Colenso. Alizaliwa Cornwall mwaka 1814, akasoma hisabati Cambridge hata akashika nafasi ya pili katika mtihani mkuu wa somo hilo, na vitabu vyake vya hesabu vilitumika katika shule za Uingereza kwa miaka mingi. Alipohamia Natal na jamaa yake mwaka 1855, akiwa askofu wa kwanza wa nchi hiyo, alijitia katika Kizulu kwa bidii ambayo aghalabu walowezi hawakuwa nayo, akatunga sarufi na kamusi, na wenyeji wakampa jina la Sobantu, baba wa watu. Msaidizi wake aliitwa William Ngidi. Habari zake zilizobaki si nyingi, lakini inajulikana kwamba mwaka 1859 alifuatana na askofu katika safari ya kwenda kwa Mfalme Mpande wa Wazulu, na kwamba masimulizi yake ya safari hiyo, pamoja na ya vijana wawili wa misheni, Magema Fuze na Ndiyane, yalipigwa chapa mwaka uliofuata. Alikuwa mtu wa kuona, kupima na kusimulia, na mtu wa namna hiyo ukimpa kitabu akusaidie kukifasiri, usitaraji akae kimya.

Walipofika kwenye habari za gharika, msaidizi aliuliza kama askofu mwenyewe anasadiki kweli kwamba wanyama wote na ndege wote, wa nchi za joto na wa nchi za baridi, waliingia safinani wawili wawili, na kama Nuhu aliwawekea akiba wote, hata simba na tai walao nyama. Colenso alikuwa amesoma vitabu vya jiolojia vya zama zake, akajua moyoni kwamba gharika ya kuifunika dunia nzima haikupata kutokea namna ile. Naye ameandika kwamba alipotaka kujibu alisikia kama sauti ya nabii ikimsuta, ikimwuliza iwapo ni halali mtu kusema uongo kwa jina la Bwana. Basi hakuthubutu kuitikia ndiyo.

Hata hivyo swali la safina lilikuwa jepesi likilinganishwa na lile la kitabu cha Kutoka. Katika sura ya 21 ya kitabu hicho imo sheria ya mtu ampigaye mtumwa wake kwa fimbo: mtumwa akifa papo hapo, bwana wake aadhibiwe, lakini akikawia siku moja au mbili ndipo akafa, bwana hana adhabu, kwa kuwa mtumwa huyo ni fedha yake. Askofu amesimulia jinsi Mkristo mmoja mwenyeji mwenye akili nyingi, aliyekuwa akimsaidia kufasiri maneno hayo, alivyoshtuka na kuchukizwa alipoambiwa kuwa ndiyo kauli ya Mungu yule yule, Mwenye rehema na Baba wa wanadamu wote, aliyekuwa akifundishwa kumtumaini na kumwabudu. Jina hakulitaja katika aya ile, lakini wanahistoria humtambua kuwa ni Ngidi. Iliwezekanaje Mungu mkarimu amwite binadamu fedha, na kuiacha jinai ya kutisha ipite bila malipo eti kwa sababu aliyepigwa alidumu na pumzi saa chache? Msomaji wa kawaida aweza kuiruka aya kama hiyo akaenda kwenye zaburi. Mfasiri hana ruhusa hiyo. Yeye hulazimika kulichukua neno kinywani mwake, kuligeuza, kulitafutia mwenzake katika lugha ya mama yake, na kuwakabidhi watu wake kwa ahadi kwamba hili ndilo neno la Mungu.

Nasi wa pwani ya Afrika Mashariki hatuna budi kukumbuka kwamba jambo hilo halikuwa la kale wakati ule. Mwaka ule wa 1862 soko la watumwa la Unguja lilikuwa wazi, na aliyepita Mkunazini hakuhitaji mwalimu wa kumweleza maana ya mtu kuwa fedha ya mtu. Uhusiano wenyewe ni wa karibu kuliko inavyodhaniwa, kwani Charles Mackenzie, aliyekuwa naibu wa Colenso huko Natal, aliwekwa wakfu Cape Town tarehe 1 Januari 1861 kuwa askofu wa kwanza wa Misheni ya Vyuo Vikuu, akapanda mto Shire, na katika mwaka huo huo kikosi chake kikawafungua watumwa kutoka misafara ya wachuuzi, kisha kikapigana na Wayao kwa bunduki na kuchoma vijiji. Alikufa kwa homa mwezi Januari 1862, na huku Uingereza wachamungu wakabaki wakihojiana kama askofu wa Kristo aweza kushika silaha hata kwa ajili ya kuwaokoa wanyonge. Misheni hiyo hiyo ndiyo iliyohamia Unguja mwaka 1864, na ndiyo iliyojenga kanisa kuu la Mkunazini juu ya uwanja wa soko, soko lenyewe lilipofungwa mwaka 1873.

Turejee kwa Colenso. Jawabu lake kwa msaidizi wake lilikuwa kitabu, na kitabu kikawa juzuu saba zilizochapishwa kuanzia 1862 hata 1879, akiichambua Torati na kitabu cha Yoshua; na kwa kuwa alikuwa mwanahisabati, juzuu ya kwanza aliijaza hesabu. Alionyesha kwamba kama wanaume wazima wa Israeli jangwani walikuwa 603,550, na wazaliwa wa kwanza wa kiume 22,273 tu, basi kwa kila mzaliwa wa kwanza mmoja wapo wanaume 27, kabla hujawatia watoto wadogo, na hakuna mama wa kuzaa uzazi wa namna hiyo. Aliuliza jinsi mkutano mzima ulivyoweza kusimama mbele ya mlango wa hema moja, na jinsi makuhani wachache walivyoweza kuhudumia sadaka za umma mkubwa kiasi hicho. Kisha akafika kwenye sura ya 31 ya kitabu cha Hesabu, vita vya Wamidiani, na hapo kalamu yake, iliyokuwa baridi, ikapata moto.

Sura hiyo yafaa isomwe taratibu, maana watu wengi waliolelewa kanisani hawajapata kuisikia ikisomwa mimbarini. Askari 12,000 wanatumwa kulipiza kisasi, wanaua wanaume wote, wanateka wanawake na watoto. Musa anatoka kuwalaki, anawakasirikia majemadari kwa kuwaacha wanawake hai, anaamuru wauawe watoto wote wa kiume na kila mwanamke aliyekwisha kumjua mume, wabakizwe wasichana bikira tu. Kinachofuata ni orodha ya mali: kondoo 675,000, ng'ombe 72,000, punda 61,000, na wasichana 32,000, wote katika daftari moja na kwa utaratibu mmoja. Nusu ni ya wapiganaji, na katika nusu hiyo yenye wasichana 16,000 inatolewa zaka ya Bwana, wasichana 32. Mwisho makamanda wanahesabu watu wao, na hapungui hata mmoja. Colenso aliandika kwamba mauaji ya Cawnpore, India, ya mwaka 1857, ambayo Waingereza walikuwa bado wanayalilia, yangeonekana si kitu mbele ya haya iwapo tungelazimishwa kuamini kuwa yalitokea. Naye alishukuru kwamba hesabu zenyewe zilithibitisha kuwa hayakutokea.

Hapa ndipo ninapotofautiana na askofu huyo, pamoja na taadhima yangu yote kwake. Ngidi aliuliza habari ya rehema, naye akajibiwa kwa hesabu. Hata ikithibitishwa kwamba Wamidiani hawakuchinjwa vile, bado lipo swali kwa nini kuchinjwa kwao kumesimuliwa kwa kusifiwa, na hadithi isiyotokea yaweza kuwafunza watu kuitenda. Ushahidi ulikuwa mlangoni pake. Tarehe 16 Desemba 1838, katika Natal hiyo hiyo, Maburu waliokuwa wameweka nadhiri kwa Mungu walipigana na jeshi la Wazulu kwenye mto Ncome. Walikufa Wazulu wapatao 3,000, na upande wa Maburu walijeruhiwa watatu, asife hata mmoja, na siku hiyo ikaadhimishwa kwa vizazi kuwa agano, kana kwamba wao ndio Israeli na wenyeji wa nchi ndio watu wa kuondolewa. Mtu aliyelelewa juu ya kitabu cha Hesabu hakuhitaji kufundishwa jinsi ya kuusoma ushindi kama huo.

Colenso hakuwa wa kwanza kukwama katika sura hiyo. Thomas Paine, yule mwandishi wa Kiingereza aliyeshiriki katika mapinduzi ya Marekani na ya Ufaransa, aliitaja katika kitabu chake juu ya zama za akili, kilichoanza kutoka mwaka 1794, akawaomba akina mama wajiweke mahali pa wale mama wa Kimidiani. Jawabu likatoka mwaka 1796 kwa Richard Watson, askofu wa Llandaff, mtu msomi na mpole wa desturi, ambaye alisema kwamba Mungu huua watoto pia kwa matetemeko ya nchi na maradhi, wala hatumlaumu. Na juu ya wale wasichana akajibu kwamba hawakuhifadhiwa kwa uasherati bali kwa utumwa, ambao ulikuwa ada ya mataifa yote ya kale, hivyo yeye haoni hapo ila siasa njema iliyochanganyika na huruma. Wakati anaandika hayo, meli za Kiingereza zilikuwa zikivusha watumwa kwenda Amerika. Nimeisoma hoja hiyo mara nyingi, na kila mara naona kwamba imeidhuru imani kuliko maneno yote ya Paine, kwa kuwa Paine alikikana kitabu tu, ilhali Watson, katika kukiokoa kitabu, alitoa dhamiri kuwa fidia. Aliyezoea kuuita ukatili huruma kwa ajili ya aya moja, atawezaje kuutambua ukatili siku atakapokutana nao njiani?

Walakini si haki kumfanya Watson kuwa msemaji wa waumini wote, maana jambo hili limewasumbua Wakristo tangu kale, na wapo waliolikabili kwa insafu. Katika karne ya 2 Celsus, mpinzani mkali wa Wakristo, alikwisha kuuliza jinsi Musa alivyoamuru maadui wauawe na Yesu akaamuru apigwaye shavu ageuze la pili: je, Mungu alisahau, au alijuta? Marcion alichagua kuikata mizizi, akalitupa Agano la Kale zima, na Kanisa la Roma likamfukuza mnamo mwaka 144. Origen wa Iskanderia alishika njia nyingine: vita vya Yoshua kwake ni vita vya nafsi, na miji iliyoteketezwa ni dhambi zilizomo kifuani mwa mtu, akasema wazi kwamba kama vita vile visingalikuwa mfano wa vita vya kiroho, mitume wasingaliruhusu vitabu hivyo visomwe kwa wafuasi wa Yesu aliyekuja kufundisha amani. Gregory wa Nyssa, katika karne ya 4, alisimama mbele ya vifo vya wazaliwa wa kwanza wa Misri akauliza iko wapi haki, mtoto mchanga akilipa kosa la baba. Lakini Augustino wa Hippo, katika nchi ambayo sasa ni Algeria, alipojibizana na Fausto wa dini ya Mani aliyewashutumu Musa na mababu kwa umwagaji damu, alisema uovu wa vita haumo katika kufa kwa watu ambao wangekufa siku moja, bali umo katika kupenda kudhuru, na kwamba Musa alitii amri ya Mwenyezi. Jawabu hilo limekuwa na umri mrefu, na wafalme wamelitumia sana.

Katika zama zetu wenye kuitetea Biblia wamepata hoja mpya kutoka ardhini. Mwaka 1868 huko Dhiban, ng'ambo ya mto Yordani, liligunduliwa jiwe la Mesha, mfalme wa Moabu wa karne ya 9 kabla ya Kristo, ambaye anajigamba kwamba aliuteka mji wa Nebo akaua watu 7,000 kwa kuwaweka wakfu kwa mungu wake, na kwamba Israeli imeangamia milele. Nayo Israeli haikuangamia. Basi, wanasema, hiyo ilikuwa lugha ya wafalme wa enzi ile, ya kutukuza na kukithirisha, na kitabu cha Yoshua chenyewe, baada ya kusema kwamba hakikubaki chenye pumzi, chakiri mbele kidogo kwamba wenyeji wangali wapo. Uchimbaji wa Kathleen Kenyon huko Yeriko, kati ya 1952 na 1958, haukuona mji wenye kuta wa wakati unaodhaniwa kuwa wa Yoshua. Hoja hizo zina uzito, nami nazikubali. Ila zinatufikisha pale pale alipofika Colenso na hesabu zake, yaani kwamba mauaji hayakuwa makubwa hivyo, na Ngidi angali anangoja.

Linalonigusa zaidi ni kwamba Maandiko yenyewe hayana sauti moja katika shauri hili. Kitabu cha pili cha Wafalme kinasimulia jinsi Yehu alivyoifuta nyumba ya Ahabu huko Yezreeli, na akasifiwa na kuahidiwa kiti cha enzi kwa vizazi vinne. Anakuja Nabii Hosea, katika sura yake ya kwanza kabisa, anasema Bwana atailipiza nyumba ya Yehu damu ile ile ya Yezreeli. Amri za Sinai zinatishia wana kwa maovu ya baba hata kizazi cha tatu na cha nne. Ezekieli anasimama katika sura ya 18 na kusema mwana hatachukua uovu wa babaye. Ibrahimu anamhoji Mungu uso kwa uso juu ya Sodoma, na hapigwi radi. Wanafunzi wanataka kuuteremshia kijiji cha Wasamaria moto kutoka mbinguni, kama Eliya, na Yesu anawageukia na kuwakemea. Mwenye shaka anapokitupa kitabu kizima kwa ajili ya sura ya 31 ya Hesabu, anawatupa pamoja nayo manabii waliokwisha kusema maneno yake kabla yake, na kwa ufasaha zaidi. Na mwenye imani anayemnyamazisha mwulizaji kwa kuwa kila aya ni sawa na nyingine, amemnyamazisha Hosea. Kuchukizwa kwa Ngidi hakukuwa uasi. Alikuwa amefundishwa kwamba Mungu ni mwenye rehema, akalisadiki fundisho hilo kuliko walimu wake walivyolisadiki.

London haikuliona hivyo. Magazeti na mimbari zilishughulikia kondoo na mahema, zikashangaa askofu kugeuzwa mawazo na Mzulu, na zaidi zikashughulikia sheria: nani ana mamlaka ya kumhukumu nani. Robert Gray, askofu wa Cape Town, alimshtaki kwa uzushi mwaka 1863 na kutangaza ameuzuliwa. Mwaka 1865 Baraza la Ushauri la Malkia likaamua kwamba Gray hakuwa na mamlaka hayo. Gray akamtenga na Kanisa. Mwaka 1867 maaskofu wa Kianglikana wa dunia wakaitwa Lambeth kwa mara ya kwanza, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya vurugu hiyo, na mwaka 1869 Pietermaritzburg ikapata askofu wa pili, kila mmoja na kanisa kuu lake. Katika kelele zote hizo, ya mtumwa aliyepigwa fimbo akadumu siku mbili hayakusemwa sana.

Colenso alimpa Ngidi jawabu jingine, na hilo hakuliandika kwa hesabu. Mwaka 1873 serikali ya Natal ilipomwandama Langalibalele, mkuu wa Wahlubi, kwa shauri la kuandikisha bunduki, ikawatawanya watu wake na kumhamishia Robben Island, askofu alimtetea, akapoteza karibu marafiki wote aliobaki nao miongoni mwa walowezi. Mwaka 1879, jeshi la Kiingereza lilipokwisha kuvuka mpaka kuwavamia Wazulu na kupigwa vibaya Isandlwana tarehe 22 Januari, na koloni nzima ikilia kisasi, alipanda mimbarini mwezi Machi, siku iliyowekwa ya kufunga na kuomba. Hakwenda kwa Yoshua. Alichagua sura ya sita ya Mika, panapoulizwa Bwana anataka nini kwa mwanadamu, akawauliza waliofiwa na waliojihami iko wapi haki na rehema katika vita walivyovianzisha wenyewe. Alifariki Juni 1883. Na Harriette, binti yake, akaendelea na kesi za Wazulu mahakamani, akisimama upande wa Dinuzulu, mwana wa Mfalme Cetshwayo, aliposhtakiwa kwa uhaini mwaka 1888.